Mlango wa Jikoni kwa Kwamboka

Jumatatu, 3 Machi

Daktari Nyasani amenirudishia karatasi zangu tena, na safari hii hata hakuniambia niketi. "Persis, 'nyanya yangu alisema' si chanzo. Nenda maktaba. Ukikosa chanzo, usirudi."

Haya. Mwaka wa mwisho wa usanifu majengo na sina chanzo. Mada yangu ni milango ya nyumba za Abagusii, za zamani na za sasa. Wenzangu wanachora hoteli na viwanja vya ndege, hawasumbuliwi. Mimi nachora milango tu, na bado nafukuzwa!

Nimehamia maktaba, orofa ya tatu. Mkutubi wa huko ni Bi. Loice, mama mwembamba anayesikia hata mtu akimenya njugu ukumbi wa chini. Amenipa nenosiri la kufungulia majarida ya mtandaoni, likakataa. Akanipa lingine, likakataa. "Jaribu kesho," akasema. "Mtandao wa hapa una msimu wake kama mahindi."

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii ni cha nyumbani na Kiingereza ni cha Daktari Nyasani. Nataka mahali pa kukasirika bila kusahihishwa.

Jumatano, 5 Machi

Nenosiri bado. Nimekula mandazi mawili, nikalala juu ya kitabu cha zege.

Jumamosi, 8 Machi

Baada ya kanisa la Sabato nilitoka nyumbani Sironga na Mama kwenda Birongo kwa dada yangu Kwamboka. Mama alibeba mkungu wa ndizi, mimi nikabeba futi ya kupimia. Nyumba ya Kwamboka ndiyo nyumba ya kisasa katika utafiti wangu.

Mumewe Ogoti ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana pale sokoni. Nusu ya milango ya chuma unayoiona njiani ni yake. Amejenga nyumba ya mawe, mabati mekundu, grili kila dirisha. Lile jiko la nje la Kwamboka alilibomoa, akaleta jiko ndani "kama watu wa mjini". Halina hata ukuta kati yake na sebule. Ukikoroga ugali, unakorogea mbele ya makochi. Na nyumba nzima ina mlango mmoja, wa mbele. Ogoti akiingia anautia kufuli kwa ndani, ufunguo anauweka mfuko wa suruali.

Kwamboka ana bandeji mkononi. "Niliteleza kwa matope," akasema kabla sijauliza.

Mama hakuingia ndani. Kati ya mama mkwe na mkwe kuna ensoni, ile heshima ya kuoneana haya. Mama hawezi kukanyaga sebule ya mume wa binti yake, wala hao wawili kutazamana machoni. Zamani akija alikaa na Kwamboka kwenye jiko la nje, wanacheka mpaka jioni. Sasa anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mvua inamlowesha miguu. Ogoti akatoka, akainamisha macho, akaiambia sakafu, "Karibu, Mama." Na Mama akaiambia nguzo, "Asante, mwanangu." Hivyo ndivyo wanavyosalimiana miaka yote saba ya ndoa hiyo.

Nilipokuwa napima kizingiti Ogoti alinisimamia. "Shemeji, andika hivi kwa kitabu yako. Mlango ya Ogoti, mwizi anaisalimia tu, anaenda."

Tulicheka. Jameni, hata mimi nilicheka.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata chanzo!

Bi. Loice ndiye aliyenifundisha kutafuta. "Wewe unatafuta 'mlango'. Nani ataandika kitabu kizima cha mlango? Tafuta 'boma', halafu usisome kitabu, soma orodha ya michoro." Nikaenda kwenye rafu ya tasnifu, zile ambazo haziazimwi wala hazipigwi picha, nikaanza na orodha za michoro peke yake. Karibu na dirisha nikaiona: tasnifu ya mtu anaitwa Nyanchoka, ya mwaka 1987, kuhusu boma la Wagusii. Michoro yake ni ya penseli, ya mkono wake mwenyewe, imekunjwa mara nne nyuma ya jalada.

Nyumba ya mke ina milango miwili. Mmoja wa mbele, wa sebule, anaoingilia mume na wageni wake. Wa pili uko jikoni, mfupi, na komeo lake ni la ndani, chini kabisa karibu na sakafu. Karatasi imechubuka kidogo hapo kwenye mlango wa pili. Nikadhani ni vidole vya watu.

Bi. Loice ameniruhusu kuinakili kwa karatasi ya kupitisha mwanga. Nimeichora mstari kwa mstari hadi vidole vikaniuma. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kutwa.

Jumapili, 16 Machi

Nilienda Birongo kumalizia vipimo. Ogoti hakuwepo. Nilipomfungua Kwamboka bandeji ili nimsaidie kuosha, niliona. Huo mkono haukuteleza popote. Nikamwinulia blauzi, na mgongo wake, Mungu wangu, una alama za nondo za karakanani, mistari ile ile ya msokoto iliyo kwenye nondo yenyewe. Zingine ni za zamani, zingine bado mbichi.

Nilitaka kupiga kelele. Yeye akaendelea kuchambua maharagwe.

"Hunipiga mvua ikinyesha," akasema. "Jua likiwaka ni mtu mzuri. Ananiletea hata soda."

"Kwa nini mvua?"

"Wewe si ndio umesoma? Sikiliza."

Ilikuwa imeanza. Mabati yalilia mpaka nikaona mdomo wake unaenda na sisikii neno. Nyumba ya jirani iko hapo hapo ng'ambo ya michai. Kwamboka alifungua mdomo akapiga ukelele mmoja mrefu kwa majaribio tu, akiniangalia. Mwanamke wa jirani alikuwa akianua nguo. Hakugeuza hata shingo.

Alhamisi, 20 Machi

Nenosiri limekubali. Nimesoma majarida ya kelele za paa hadi macho yakawasha. Watu wameandika kuhusu madarasa ya mabati, kwamba mvua kubwa humeza sauti ya mwalimu. Hakuna aliyeandika kuhusu sauti ya mke.

Paa la nyasi lilikuwa kimya. Mvua ikinyesha, mtu akilia kwa jirani unasikia, unaenda. Sisi tukaleta mabati tukasema ni maendeleo.

Jana nilikwenda kijiji cha Nyacheki nikapima kelele kwa simu ndani ya nyumba tatu, mvua ikinyesha, leo nikaleta takwimu. Daktari Nyasani alisimama kitini. "Persis! Huu sasa ni utafiti!" Nami nikasikia raha moyoni, kisha nikaenda chooni nikajichukia.

Jumapili, 30 Machi

Kikao nyumbani Sironga. Nilikuwa nimemwambia Tata, baba yetu, naye ni mzee wa kanisa, akaita wazee wenzake pamoja na mzee Omosa, baba mdogo wa Ogoti. Ogoti alipiga magoti. Alilia machozi ya kweli, kamasi ikamtoka. Akasema ni shetani. Wakaimba, wakaomba, wakamwekea mkono kichwani.

Kwamboka hakuulizwa ila jambo moja, kama anamsamehe. Angejibu nini mbele ya umati ule?

Jioni wakaondoka pamoja kwa pikipiki, yeye kashika kiuno cha mtu huyo, na binti yao Lavender katikati. Mama alisimama langoni hadi wakapotea. Tata akasema, "Ndoa ni kuvumiliana." Nikamwambia, "Tata, wewe umevumilia nini?" Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Alinirushia kikombe cha chai. Kilinikosa, kikavunjika ukutani.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Kwamboka hapokei simu.

Alhamisi, 3 Aprili

Amepokea. Anaongea kama ana kiazi moto mdomoni. Amepoteza meno mawili ya juu. "Nimeteleza," akasema, na nikajua Ogoti amekaa karibu naye.

Jumapili, 6 Aprili

Tulikuwa tunachuma mboga na Mama. Nikamwonyesha ule mchoro wa Nyanchoka kwa sababu sina la kumwonyesha lingine. Mama hajui kusoma ramani, lakini nilipomwekea kidole kwenye mlango wa pili alisema mara moja:

"Huo ni wa mke."

"Ulikuwa wa kazi gani?"

"Wa kuni, wa maji, wa majivu. Na wa mama yake. Jikoni mimi naingia, Persis. Jikoni ni kwa binti yangu. Sebule ndiyo ya mwanamume."

Akaendelea kuchuma. Kisha akasema, mgongo ukiwa kwangu, "Siku ile ya meno nilikuwa barazani kwao. Nilikuwa nimempelekea ndizi. Kwa mvua ile sikusikia sauti, ila nilihisi kitu kinagonga ukuta mgongoni mwangu. Mlango ni mmoja, na unaingia sebuleni. Nilisimama hapo hapo na ndizi zangu."

Mama yangu halii. Alikuwa akilia.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimedanganya leo, na nimedanganya vizuri.

Nilienda karakanani kwa Ogoti na mchoro. Nikamwambia chuo kinataka nyumba moja ya kisasa irudishiwe mlango wa kienyeji wa jikoni, ipigwe picha, ionyeshwe maktaba kuu pamoja na jina la fundi. Wakuu watakuja. Nikasema yeye ndiye fundi bora, lakini kama hana nafasi kuna yule mwenzake wa Keroka.

"Wa Keroka?" Alitema mate. "Yule anachomelea milango kama anabandika ubao na chingamu!"

Akachukua mchoro. Mwanzo alitaka kuweka kufuli ya nje. Nikamwambia hapana, angalia hapa, 1987, komeo la ndani pekee, na liko chini. Ukiongeza kitu chako Daktari atasema si wa kienyeji, ataukataa. Alikuna kichwa.

"Komeo iko chini hivi hata mbuzi itafungua."

"Ndivyo kitabu kinavyosema, shemeji."

"Basi kama ni kitabu."

Nilitoka hapo kabla hajabadili nia. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi. Loice kumwomba aufanye uongo wangu kuwa kweli. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza akipanga kadi zake. "Ukumbi wa chini una paneli nane za maonyesho hazina kazi," akasema. "Tarehe tisa Mei. Usichelewe, na usipige misumari yangu hovyo."

Jumapili, 20 Aprili

Mlango umewekwa. Kusema haki ni kazi nzuri. Amechonga maua ya chai ya chuma juu yake. Kwamboka alifungua, akafunga, akafungua. Lavender akafungua pia, ana miaka sita, komeo linamfikia magotini. Mama aliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe, akakaa kwenye kigoda, akala ugali wa binti yake. Ogoti alipita nje akainamisha macho, na uso wake unang'aa kwa sifa.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua. Kwamboka anacheka kwa simu. Mvua imeruka wiki nzima.

Jumanne, 6 Mei

Nimeandika maelezo ya paneli usiku na mchana. Daktari Nyasani anasema yakiwa mazuri atanipa alama za juu kuliko wote.

Ijumaa, 9 Mei

Mjinga. Mjinga mimi, mtoto wa mjinga.

Ukumbi ulijaa. Picha ya mlango ilikuwa kubwa kama meza, jina la Ogoti chini yake. Na kando nilikuwa nimebandika maelezo, kwa sababu nilitaka alama zangu, kwa sababu nilitaka kusema ukweli mahali pamoja hata kama ni ukutani: "Kulingana na Nyanchoka (1987) nyumba ya mke ilikuwa na mlango wake mwenyewe. Mwandishi anapendekeza urudishwe, ili mwanamke anayepigwa apate pa kutokea na jamaa zake wapate pa kuingilia."

Sikumwalika. Kwani fundi anaalikwa kuona jina lake? Alikuja na suti ya harusi na marafiki wawili wa sokoni. Nilimwona anasoma, midomo inaenda polepole. Wale wenzake nao wakasoma. Mmoja akacheka, akamgonga bega, "Kumbe umejengea mke njia ya kutoroka!"

Ogoti alinigeukia akitabasamu. "Shemeji. Wewe umesoma kweli." Akaondoka.

Simu ya Kwamboka imezimwa. Nilienda kituo cha polisi nikaambiwa, "Sasa amepiga mtu? Si bado?" Nikarudi kumpigia Mama. Nje jua linawaka, nami nikajishika hapo. Nikajiambia hapigi jua likiwaka.

Jumapili, 11 Mei. Hospitalini

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una nyuzi.

Jana mvua ilianza watu wakiwa kanisani. Mama aliinuka katikati ya mahubiri na kitambaa chake cha Sabato kichwani, akatoka. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni tone la kwanza lilipoanguka; tulikutana Birongo sokoni, tukapanda pikipiki moja hadi mwisho wa lami, kisha tukakimbia. Mvua ilikuwa ya kumwaga. Sikusikia hata miguu yangu.

Mlango wa mbele umefungwa. Nikachungulia kwenye grili. Kwamboka alikuwa chini mbele ya kochi, kajikunja, ameficha kichwa kwa mikono. Ogoti yuko juu yake na nondo. Anainua, anashusha, anainua, kama mtu anayepura maharagwe. Na hakuna sauti! Mabati yalikuwa yamemeza yote. Niliona damu inaruka kwenye kitambaa cheupe cha kochi na sikusikia kitu. Nilipiga kelele, nayo sikuisikia.

Mama alikuwa amesimama barazani, kando ya kile kiti cha plastiki. Mazoea ya miaka saba ya ensoni. Nilimshika mabega nikamwambia sikioni, "Mama! Jikoni!"

Tukazunguka. Mashine ya kuchomelea ilikuwa hapo nje ya mlango wa jikoni, waya umepitishwa dirishani. Alikuwa ameanza kuuziba. Ile mvua aliyoitegemea ndiyo iliyoondoa stima Birongo nzima asubuhi hiyo. Alikuwa amewahi tone moja tu la chuma, juu, karibu na bawaba. Kwa hasira ya kukatikiwa ndipo akamrudia Kwamboka.

Nilipiga mlango kwa mateke. Kutoka ndani, chini kabisa, komeo likatoka. Lavender. Alikuwa amejificha chini ya meza ya jikoni, akatambaa, akalivuta. Likabaki lile tone. Tukasukuma, mimi na Mama, bega kwa bega, mara moja, mara mbili, likakatika. Fundi bora wa Birongo, tone lake la mwisho lilikuwa baya.

Nilimtoa Lavender nje nikamweka chini ya migomba. Mama tayari ameshika mchi wa kutwangia njugu. Alifika pale jiko linapoishia, na nilimwona anasita. Naapa alisita, mguu mmoja juu.

Ogoti akageuka. Nondo iko mkononi, kifua wazi, damu ya dada yangu hadi kiwikoni. Akamwona mama mkwe wake ndani ya nyumba.

Akainamisha macho.

Hata pale! Mwili wake ulikumbuka adabu kabla yeye hajakumbuka. Aliinamisha macho sakafuni kama mkwe mwema, na Mama akavuka akampiga mchi kwenye taya.

Hilo nililisikia. Mvua yote ile, na nililisikia.

Alianguka juu ya kochi, akainuka, akazungusha nondo. Ikamvunja Mama kifundo cha mkono. Nikajitupa kati, ikanichana kiganja mpaka mfupa. Mama akabadilisha mkono, akapiga tena, goti. Na tena. Na tena, hata alipokuwa chini ameshikilia miguu ya kochi anaomba. Nilimwacha apige. Naliandika hili waziwazi kwa sababu hapa hakuna wa kunisahihisha: nilimwacha. Kisha tukamburuta Kwamboka kwa kupitia jikoni, tukatoka kwa mlango wake.

Alhamisi, 15 Mei

Kwamboka amefungua macho. Sikio la kushoto halisikii tena. "Mvua naisikia nusu," akasema, akajaribu kucheka, nyuzi zikamzuia.

Ogoti yuko wodi ya wanaume, taya limefungwa waya, askari kando ya kitanda. Tumeandikisha taarifa.

Jumapili, 25 Mei

Wazee tena. Safari hii Tata hakuwaita, wamejileta wenyewe. Mzee Omosa alizungumza kwa upole sana.

"Hatukatai kijana alikosea. Lakini mama mkwe kumpiga mkwe sebuleni kwake, mkwe akiwa kifua wazi? Hiyo ni ensoni imevunjwa. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile. Makosa mawili yanafutana. Tutachinja, tutatakasa, kesi itatolewa polisi, mke atarudi kwake."

Tata alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Ndipo Mama akasema, mkono ukiwa kwenye plasta, "Sikuwa sebuleni. Nilikuwa jikoni."

Zogo. Jikoni wapi? Ukuta uko wapi? Wengine wakasema jiko linaishia kwenye sinki, wengine kwenye meza. Mzee Omosa akanyoosha fimbo kwangu.

"Huyu mtoto ndiye alipima ile nyumba, kabla ya vita, hata Ogoti mwenyewe alikuwepo. Alete ramani ya chuo. Kama pale kwenye kochi ni jikoni, mama hana kosa, na sisi hatutafungua mdomo tena kuhusu kesi. Kama ni sebule, mke anarudi."

Nina wiki moja.

Jumatatu, 26 Mei

Ramani yangu ya penseli, yenye muhuri wa chuo, iko kwenye droo ya Bi. Loice. Mstari wa nukta unaoonyesha mwisho wa jiko nimeuchora mwenyewe mwezi wa tatu, kwa vipimo sahihi. Unapita nyuma ya meza. Kochi liko mbali, ndani kabisa ya sebule. Mtu yeyote angeona.

"Ukikosa chanzo, usirudi." Miaka yote nimefundishwa kwamba mchoro ni kiapo. Nilikaa mbele yake mpaka mchana ukaisha.

Kisha nikatoa kifutio. Nikaufuta mstari, nikausogeza mbele hadi ng'ambo ya kochi, karibu na dirisha, nikaandika vipimo vipya kwa mkono wa nyuzi, polepole, hadi mwandiko ukawa ule ule. Dada yangu ana sikio moja. Sitampeleka akapoteze na hilo.

Bi. Loice alikuwa nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Aliutazama mchoro, akanitazama mimi.

"Kifutio chako kinapiga kelele," akasema. "Hapa ni maktaba." Akarudi kwenye meza yake.

Jumapili, 1 Juni

Mzee Omosa aliishika ramani, akaigeuza, akaipa mwenzake mwenye miwani. Walifuata mstari kwa kidole. Mwenye miwani akasema, "Na ina muhuri wa chuo." Mzee Omosa akanitazama. Nadhani alijua. Akaikunja, akasema, "Basi ni jikoni. Mama hana kosa." Kesi inaendelea.

Mama na mimi tulirudi kwa miguu. Tulipofika langoni akanikamata mkono, ule wa nyuzi, akaubusu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetetea tasnifu. Daktari Nyasani aliuliza, "Mpaka huu wa jiko ni wa ajabu kidogo. Chanzo chake?"

"Vipimo vyangu mwenyewe, Daktari."

Akaandika alama. Nimepita.

Jumatano, 2 Julai

Mvua zimekwisha. Kwamboka amerudi kwenye ile nyumba yake na Lavender, Ogoti yuko rumande. Kwamboka amemwita yule fundi wa Keroka akauziba mlango wa mbele kwa chuma. Wanaingilia jikoni.

Leo nimepeleka nakala ya tasnifu yangu maktaba. Bi. Loice aliipiga muhuri, akaniacha niiweke mwenyewe rafuni, kando ya ile ya Nyanchoka. Siku moja mtoto fulani atakuja hapa kutafuta chanzo, atasoma orodha ya michoro, atakuta jiko langu kubwa, ataliamini. Wazo hilo lilinichoma.

Nikaitoa ya Nyanchoka niiangalie mara ya mwisho. Nilifungua ule mchoro, nikaupeleka dirishani. Pale kwenye mlango wa pili, palipochubuka, mwanga ulipita. Si vidole vya watu. Chini ya mistari ya mlango, hafifu, kuna ukuta. Mstari mnyoofu usio na tundu, uliofutwa kwa kifutio.

Mama yangu aliujua mlango ule kwa macho yake, kwa hiyo milango hiyo ilikuwepo. Ila kwenye nyumba hii aliyoipima Nyanchoka haukuwepo.

Kwa miezi yote hii nilikuwa nimesoma michoro tu, kama nilivyofunzwa. Sikuwahi kufungua ukurasa wa mwanzo. Leo nimeufungua. Una mstari mmoja, umepigwa kwa taipu:

"Kwa marehemu dada yangu Nyanchera, ambaye nyumba yake ilikuwa na mlango mmoja."

Nikaukunja mchoro mara nne kama nilivyoukuta, nikakirudisha kitabu kando ya changu.